Mihogo ya Pelagia

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Mvua imenyesha siku mbili, ikaondoka zake. Maharage yamechipua, yamekauka. Mara ya pili hii! Zamani mvua ya Oktoba ikishuka, imeshuka. Na huku barabarani serikali ilikotuhamishia, shamba lenyewe changarawe tupu.

Mwanangu Venanti anasema tupande mihogo, mihogo haiogopi jua. Nikamwambia mizizi wanakula wakimbizi. Nilisema kwa sauti — Pelagia asikie. Jirani yangu, alitoka Burundi mwaka juzi na mumewe. Akacheka. Eti wao walikimbizwa na bunduki, mimi bibi nitakimbizwa na jua.

Mshenzi.

Alhamisi, 14 Novemba 1974

Jua. Mbegu iliyobaki ni kibuyu kimoja. Venanti anataka kuimwaga shambani. Nimekikalia kibuyu. Aniinue kama anaweza!

Bwana shamba kapita na baiskeli. Kila kaya ipande mihogo. Pingili tutoe wapi? Kijiji kizima anazo Pelagia peke yake.

Jumamosi, 16 Novemba 1974

Nilimtuma Venanti akaombe. Amerudi mikono mitupu. Pelagia kasema niulete mdomo wangu mwenyewe, ule uliotukana. Nife kwanza.

Jioni wajukuu wameingia, ugali wa muhogo umewaganda mashavuni. Wamekula kwake! Nikachukua fimbo. Nikawashika matumbo — magumu, yameshiba, wanyama hawa. Fimbo nimeitupa. Nimelala nimewakumbatia wote.

Jumanne, 19 Novemba 1974

Usiku imenyesha. Udongo laini, ni leo au basi. Nimekwenda.

Alikuwa anakata pingili. Nikasema nimekuja. Akasema nakuona. Nikasema yale maneno yalikuwa mabaya. Akasema yalikuwa mabaya, ndiyo.

Atanipa, hata mzigo mzima. Ila kwanza niketi nje kwake, kando ya njia, nile ugali wake wa muhogo wanawake wakitoka kisimani. Wote wanione! Nikamwambia nimeshiba. Tumbo likanguruma. Akalisikia, mchawi huyu, akacheka mpaka akashika kiuno.

Nimesema narudi kunawa mikono. Nimenawa. Nimekaa, naandika.

Venanti yuko mlangoni na jembe. Jua linapanda. Pelagia anaita toka kwake: “Bibi weee! Ugali unapoa!”

Apige kelele. Natafuta kanga yangu safi.