Rangi ya Mawese ni Ipi?

Hawa mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Ujiji hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama, na mtoto analia kama honi ya meli.

Unauliza kwa nini mteja anakataa rangi ya sampuli wakati printa imepimwa vizuri. Printa yenu kubwa ya kuchapia sampuli haina wino wa rangi maalumu ya mteja. Huikaribia kwa kuchanganya vitone vya wino wake. Lakini lazima ujue inakaribia nini.

Nilipokuwa kijana kwenye duka la uchapaji, tulipopata printa yetu ya kwanza ya aina hiyo, Mama Zaituni, muuza mawese, aliniachia chupa asubuhi. "Lebo iwe rangi hii hii."

Nikachapa sampuli. Mchana akaja. "Manjano ya nini, binti? Mafuta yangu mekundu!"

Nikarekebisha. Kesho yake asubuhi akaja tena. "Sasa umenichapia damu! Kazi naipeleka Mwanza."

Nikaitazama chupa, nikaanza kucheka. Asubuhi mawese yameganda, yana rangi ya chungwa. Jua likipanda yanayeyuka, yanakuwa mekundu.

Naye akacheka mpaka akakaa chini. "Sisi watu wa Kigoma! Tumelelewa na mawese, bado yanatuchezea!"

Akachagua rangi ya mchana, mawese yanavyomiminika kwenye sufuria. Tukapaka rangi hiyo kwenye kadi, tukapimia sampuli kwa kadi badala ya chupa. Akaikubali papo hapo.

Basi mteja wako akirudi, mkaribishe chai, umuulize rangi yake aliiona saa ngapi.

Ni mimi bibi yako,
Mwajuma