Kamba ya Kompyuta Mbili

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Bado haziongei! Kompyuta yetu hapa Kitale ina mto ndani yake — mto wa kuigiza. Unaiambia mvua iliyonyesha mlimani, nayo inachora ramani ya maji yatakakofika. Ile ya ofisi ya Bungoma ina mashamba ya chini: udongo umekunywa kiasi gani, mto umejaa kiasi gani huko. Fundi wetu Gathii ameandika programu ya tatu ya kuzifunga pamoja kama kamba. Ichukue jibu la hapa ipeleke kule, ilete la kule hapa. Lakini yetu inangoja ya Bungoma ianze, na ya Bungoma inangoja yetu. Kutwa nzima kama wakwe mlangoni, kila mmoja anasema tangulia wewe.

Gathii, mtu mzima na mvi zake, amekula githeri yake ya mahindi na maharagwe akiwa amesimama. Wageni wa wafadhili wanafika Jumatano ya wiki ijayo. Mkubwa wetu, Bwana Mbogo, ametuambia kamba isiposhika, ofisi zote mbili zinafungwa. Tangu mume wangu, Baba Wacuka, aanguke kutoka kwa trekta kule kijiji cha Kwanza, hii kazi yangu ya kuchapa barua ndiyo imeshika nyumba. Eh Mungu, fanya hizi mashine ziongee.

Alhamisi, 9 Novemba

Bwana Mbogo ameniita. Ameongea polepole, na si kawaida yake. Ati mimi ni mtu wa kuaminika, hata kanisani niko Guild ya akina mama. Ya Gathii imekataa, kwa hivyo kamba itakuwa mimi! Nikae stoo ya nyuma na kompyuta, waya upite chini ya mlango mpaka kwa projekta ya ukumbini. Zaitun, karani wa Bungoma, atanipigia simu asome namba zao, nichape. Mimi nisome zetu, naye achape. Wageni wataona ramani inasonga yenyewe.

Nikamwambia huo ni uwongo. Akasema namba ni za kweli, ni mkono tu umeongezwa.

"Mama Wacuka, hata Musa vitani mikono yake ilishikiliwa."

 Mtu akinigeuzia Maandiko, jibu hunijia baadaye nikiosha vyombo. Leo hata kwa vyombo halikuja. Gathii alikuwa mlemle ofisini, hakuniangalia.

Jumapili, 12 Novemba

Nimekaa kiti cha nyuma. Sikushiriki Meza ya Bwana. Mwanangu Wacuka akaniuliza kwa nini, nikasema ni tumbo. Sasa huu ni uwongo wa pili, na ule wa kwanza bado haujafanyika.

Jumanne, 14 Novemba

Mazoezi. Zaitun hatujawahi kuonana uso kwa uso, lakini nampenda kwa sauti. Kabla ya namba ya kwanza anasema Bismillahi, na mimi naomba kimoyomoyo. Akanitania ati nisikohoe ovyo, nikikohoa Kitale kwao kunafurika.

Kuna jambo moja gumu. Programu ya Bungoma inapima kina cha maji kwa futi, yetu kwa mita. Kamba ya Gathii ingebadilisha yenyewe. Mimi nina kalkuleta. Namba ya Zaitun ikifika, nabadilisha kwanza, ndipo nachapa. Leo sikukosea hata moja, na maji hayakupita mita tatu.

Stoo itafungwa kwa nje, maana wageni wakitafuta choo hufungua kila mlango. Ufunguo ni wa Bwana Mbogo. Nikauliza, na nikitaka kutoka? Akasema ni saa mbili tu, mama, hata kwa mafundisho ya kanisa unakaa zaidi.

Jumatano, 15 Novemba

Niko stoo. Kati ya namba na namba kuna kungoja, ndiyo naandika. Magunia ya mbegu, ndoo, harufu ya dawa ya dumuzi, yule mdudu wa mahindi. Mlango ni wa plywood, nawasikia vizuri. Mkubwa wao ni mama, Daktari Chepchumba, mtaalamu wa maji kutoka Nairobi. Ramani iliposonga walipiga makofi. Na mimi — wacha niandike ukweli — nilifurahi.

Baadaye.

Mungu wangu. Laini ilikatika Zaitun akisoma. Akapiga tena, akasoma mbio, nami nikachapa mbio, kwa sababu Bwana Mbogo alikuwa ameanza kukohoa ili aniharakishe. Futi tisa. Nimechapa tisa. Sikubadilisha! Mita tisa za maji! Nilijua kidole kikiwa bado juu ya kitufe, na programu hairudi nyuma.

Kwa ramani ya ukumbini maji yamefunika vijiji. Kisha Daktari akauliza kama mvua iliyotiwa ni ya mfano ama ni ya kweli. Bwana Mbogo akasema ya kweli, ya wiki hii. Akauliza majina ya vijiji vya kando ya mto. Sasa yuko kwa simu na D.O., mkuu wa tarafa ya huko chini: watu watoke leo, wagonjwa wabebwe, wasingoje kukusanya vitu. Na nje kunanyesha, na mafuriko yenyewe hayapo.

Bwana Mbogo si anajua ni futi! Jana alikuwa amesimama nyuma yangu. Amenyamaza. Gathii pia.

Zaitun amepiga kuuliza mbona sisomi. Nimemweleza. 

"Dada, huku nikimwambia chifu, atasema karani ameota. Wewe ndiye uko karibu na huyo daktari. Sema."

"Nikisema, kesho hatuna kazi. Wewe na mimi."

"Najua. Sema."

Nimegonga mlango. Daktari ameuliza ni nini hicho. Bwana Mbogo amesema ni panya, stoo ya mbegu haikosi. Mtu amecheka.

Nimegonga tena, kwa kiganja. Bwana Mbogo amepandisha sauti, anawaambia chai iko tayari ng'ambo ya barabara. Viti vinasukumwa.

Naweka kalamu. Panya hajui jina la mtu. Nitaita la Daktari.