Prosesa Zilizokwanguliwa Majina

Fundi Masalu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini kwa miaka sita niliingia kibandani kwetu Mabatini na neno hilo mdomoni, na barua yako siwezi kuianza na jingine.

Nianze na habari za kazi, maana ndizo ungeuliza kwanza. Ulisema kweli. Kile kicheza muziki cha mwalimu wa kwaya kina prosesa ileile iliyomo kwenye gemu ya mkononi, ile nyekundu iliyokufa kioo. Nilikubishia wiki nzima. Ulikigusa kwa kidole kikiwa kinaimba, ukapima joto lake, ukahesabu sekunde kinazochukua kuwaka, ukaniambia, "Kiwandani jina wamelikwangua, Leti. Tabia haikwanguliki." Nikasema unabahatisha. Mwezi uliopita niling'oa memori ya gemu nikaichomelea kwenye kicheza muziki. Kikawaka. Picha ya gemu ikatokea kichwa chini miguu juu, lakini ikatokea. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia mpaka mama wa duka la vitenge akaja kuuliza nimepatwa na nini.

Mwalimu aliniachia kile kicheza muziki. Polisi walipomrudishia, alisema hawezi tena kusikiliza nyimbo zake humo. Kilikuwa mkononi mwako siku ile.

Hatujawahi kuizungumza siku ile, Fundi. Wewe uliiona ukiwa chini, mimi niliiona nikiwa nimesimama.

Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, jua kali. Tulikwenda Buswelu kumpelekea mwalimu kifaa chake na kukusanya vingine vya kutengeneza. Njia nzima ulikuwa unakisia: kwamba siku moja prosesa ya kwenye spika ya masikioni itaishinda kompyuta ya ofisini, na sisi tutahitaji miwani ya daktari kuiona. Tuliposhuka kwenye daladala, karibu na soko, mfuko wako ukachanika. Simu nne zisizo na mifuniko na vicheza muziki vitatu vikamwagika kwenye vumbi. Mama mmoja aliyekuwa amepotelewa na simu asubuhi hiyo akasimama, akaangalia, akasema taratibu, "Hiyo ni yangu." Aliyepiga kelele za "Mwizi!" si yeye. Ni kijana mmoja wa fulana ya kijani, mwenye nondo.

Hukukimbia. Kama ungekimbia! Ulipiga magoti ukaanza kuokota, ukamwambia yule mama, "Dada, tulia, hii ni ya mteja. Nipeni bisibisi niwaonyeshe ndani." Uliamini kwamba mtu akishaona ndani ya kitu, ataelewa.

Nondo ya kwanza ilikupiga begani. Ya pili kichwani. Nilisikia mfupa, na sauti ile sijaisikia tena popote, wala sitaki. Kisha yakaja mawe, matofali, mateke, watu waliokuwa wananunua nyanya dakika moja kabla. Mwanamume mzima alikanyaga vidole vyako, vidole vilivyokuwa vinashika waya mwembamba kama unywele, akavisaga kwa kisigino.

Nilipiga kelele mara moja. Nikasema, "Huyo ni fundi!" Yule wa nondo akageuka. Nondo ilikuwa imelowa. Akaniuliza, "Na wewe mko pamoja?"

Nikasema, "Hapana. Simjui."

Ulikuwa bado unapumua. Jicho moja lilikuwa limejaa damu. Jingine lilikuwa kwangu.

Sijui kama ulisikia. Nimejiambia mara nyingi kwamba hukusikia.

Nilipanda gari la polisi watu walipokwisha kutawanyika. Ulikata roho kabla hatujafika hospitali, kichwa chako kikiwa pajani kwa mtu aliyekukana. Jioni hiyohiyo simu ya yule mama ilipatikana kwa dada yake, ndani ya kikapu cha mihogo. Yule mama alikuja msibani. Hakuna aliyemfukuza.

Baada ya miezi minne yule kijana alikuja kibandani. Fulana nyingine, mtu yuleyule. Ameleta spika imekata sauti, na hakunikumbuka. Nilikuwa nimeshika chuma cha kuchomelea, kimeiva. Fundi, nilimwangalia shingoni, pale mshipa unapopigapiga, nikapima umbali. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Nikaushusha juu ya spika yake, nikakandamiza mpaka plastiki ikayeyuka na moshi ukatupanda usoni. Akasema, "Dada, unaharibu." Nikamwambia imeungua ndani, aiache. Nikamwomba jina na mahali anapokaa, kama ulivyonifundisha kwa kila mteja, akavitaja bila wasiwasi. Nilikwenda polisi na jina hilo. Mikono yangu niliiogopa kwa kile ilichotaka kufanya. Mpaka leo nikiota, mkono siuteremshi kwenye spika.

Amefungwa. Nilitoa ushahidi. Wakili wake akaniuliza kama nilikuwa nakufahamu, nikasema ulikuwa mwalimu wangu. Akauliza, "Na siku ile ulisema nini?" Ningeweza kusema nimesahau. Nikalisema, mbele ya watu wote, na Mama Kabula, mkeo, ameketi benchi la pili. Alinyanyuka akatoka. Hakunitazama. Wiki ile akahamia kwao Nansio pamoja na watoto, na simu zangu hazipokei.

Kibanda bado kipo. Nafungua saa mbili, nafunga jua likizama. Wateja wa zamani wananiita Fundi, nami bado sijazoea kugeuka.

Sasa nakuaga, maana kesho asubuhi napanda meli ya Nansio. Nakuahidi jambo moja. Nitafika mlangoni kwa Mama Kabula, nitakaa chini, nitamweleza yote kwa mdomo wangu, pamoja na jicho lako. Sitaomba anisamehe. Akinifukuza, nitaondoka. Ila sitaondoka kabla hajanifukuza.

Pumzika, Fundi wangu.

Leticia