Kiti Kikubwa cha Barabara ya Zamani

Nyumbani,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Mume wako hajambo, na watoto je? Miguu imeacha kuvimba au bado zamu za hospitali zinakuonea? Usinijibu kwamba uko salama tu kama ulivyozoea. Nieleze.

Sisi huku ni wazima. Mama yenu anakula vizuri. Anasikia anachotaka kusikia, na asichotaka anasema masikio yamezeeka. Mimi nalala, naamka, nashona. Machozi yamepungua, ila yakija hayapigi hodi. Viatu vya ndugu yako bado viko nyuma ya mlango. Kila nikitaka kuvigawa nasema lazima vipigwe rangi kwanza, na rangi yenyewe sinunui.

Sasa nina jambo, wifi. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe unaongea haraka, unanichekesha, mwisho nasahau nilichotaka kukununia. Kwenye karatasi hunichekeshi.

Unakumbuka siku ile tuliyotoka kuzika, tulipokaa sebuleni na malapa ya watu yamejaa mlangoni? Wewe ndiye uliyeanza kuwachangamsha. Ukasimulia lori la baba yenu, safari za likizo za kubeba mbao, na yule seremala wa barabarani aliyetengeneza kiti kikubwa kupita kiasi ili wapita njia wajue alipo. Ukasema baba yenu alikuwa akiwapandisha nyie wawili juu yake wakati anapakia, kwa sababu hakuna mtoto ambaye angeweza kushuka akakimbilia barabarani. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Ukamwita marehemu Kijogoo, jina ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia.

Nilicheka na wenzangu. Moyoni nilikuwa nachemka. Mtu nimeishi naye miaka yote ile, najua anavyokohoa kabla ya kudanganya, najua shati gani atalikataa, na habari ya kiti hakunigusia hata kwa bahati mbaya. Nikaenda jikoni kuongeza chai ambayo haikuwa imeisha.

Ukamaliza kwa kusema kiti chenyewe lazima kilishaoza tangu ilipojengwa barabara mpya. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Basi sikiliza. Juma lililopita nilipeleka mapazia kwenye shule moja ya bweni. Dereva wa pikapu ni kijana tunayemwita Breki, kwa sababu hazitumii. Wakati wa kurudi tulikuta trela limepinduka, barabara mpya imefungwa, tukaelekezwa kwenye ile ya zamani ya vumbi. Nilikuwa nasinzia. Kufumbua macho, kiti hicho hapo!

"Simama!" nikapiga kelele.

"Tumemgonga nani?" Breki akauliza, na kwa mara ya kwanza nikasikia breki zake.

Kipo, wifi. Kikalio kiko usawa wa kichwa changu. Rangi ya kijani imebanduka, mguu mmoja wa nyuma umeliwa na mchwa, wameuegemeza kwa mawe. Nyuma yake ni karakana ya bati, fremu za milango zimesimamishwa ukutani, takataka za randa mpaka kifundo cha mguu, na harufu ya gundi. Fundi akatoka na penseli sikioni na randa mkononi, mtu wa umri wetu.

"Karibu mama. Kitanda au kabati?"

"Kiti."

"Cha sebuleni?"

Nikakinyooshea kidole kile. Akacheka. "Hicho hakiuzwi. Hicho ndicho anwani yangu."

Kumbe ni mtoto wa yule seremala wenu. Nikamweleza habari ya dereva wa lori na watoto wawili. Akaweka randa chini.

"Yule msichana wa kaptula?"

Unaona mambo yako? Mimi nimeshuka garini kumtafuta mume wangu, na wa kwanza kukumbukwa ni wewe!

"Wale watoto nilikuwa siwapendi hata kidogo," fundi akaniambia. "Mimi baba alinikataza kupanda. Anasema kiti cha wateja, wewe shika ufagio. Basi wao wako juu, mimi niko chini nafagia, na yule msichana ananidondoshea maganda ya karanga kichwani. Ukimwona mwambie sijasamehe."

Ujumbe umeupata.

"Na mvulana?" nikauliza.

"Ah, yule mpole. Alikaa upande wa barabara siku zote. Lori likipita, anafungua shati, anamfunika dada yake uso mpaka vumbi litulie. Yeye mwenyewe anabaki mweupe kama katoka mashine ya unga."

Wifi, nilimwomba ayarudie maneno hayo. Nitakuambia kwa nini, maana jambo hili sijawahi kumwambia mtu.

Wakati ananichumbia, alikuwa ananisindikiza kutoka kwa yule mama aliyenifundisha kushona. Njia ilikuwa ya vumbi. Siku moja basi likapita kwa kasi, na yeye bila kusema neno akafungua koti lake akanifunika uso. Sikuona kitu, nilisikia tu moyo wake na harufu ya sabuni. Nilipotoka humo nilikuwa nimeshakubali. Na aliendelea hivyo mpaka uzeeni. Hata kwenye lami, gari likipita karibu, mkono unakuja. Nilikuwa namcheka, namwambia acha, watu wanatutazama.

Mengine yake yote niligawana na watu. Mshahara uligawanywa, Jumapili zilikuwa za Mama, hadithi zake zilikuwa za wenzake wa kazini, utoto wake wote ni wako. Lakini hili nilisema ni langu. Nilidhani siku ile njiani alilibuni kwa ajili yangu. Kumbe mimi nilikuwa wa pili.

Nikamwambia fundi nataka kupanda.

"Mama Pazia," Breki akasema, "ukianguka, mkataba wangu ni mapazia tu."

Fundi akaleta ngazi, akanionya nisiegemee nyuma. Nikapanda. Nikakaa upande wako, wifi. Makusudi kabisa. Nilitaka nione ulichokuwa unapata. Miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto, lapa moja likadondoka, na kwa muda kidogo nilijisikia vizuri, kama mtu aliyeingia kwenye chumba alichofungiwa.

Kisha lori likapita.

Vumbi lote lilikuja kwangu. Machoni, mdomoni, kwenye nywele. Niliuchungulia ule upande wa barabara, mbao tupu. Nikafumba macho nikalia hapo hapo juu, matope yananichuruzika mashavuni, na Breki, msema hovyo yule, akainama kuokota lapa langu.

"Umeona nini huko?" fundi akaniuliza niliposhuka.

"Vumbi," nikamjibu.

Usidhani nakuandikia kusema wivu umeisha. Upo, hata sasa nakunja uso nikiandika. Lakini nimekaa kwenye cherehani siku kadhaa nikilifikiria. Yeye alikuja kwangu tayari anajua. Kuna mtoto aliyekaa kimya ndani ya shati lile, safari baada ya safari, mpaka mkono wa kaka yake ukazoea. Mkono huo nimeufaidi mimi kuliko mtu yeyote. Si kwamba nakushukuru, nasema tu kwamba nimeona.

Fundi anasema mguu ule hautengenezeki, mbao nene kama zile hazipatikani tena, na mvua zijazo kitalala chini. Kwa hiyo omba likizo uje kabla. Tutakwenda wote. Wewe utakaa upande wako, mimi siutaki tena. Mimi nitakaa upande wa barabara. Nitajishonea gauni pana.

Mama anakusalimu, anasema dawa za magoti zimefika, na hazimezi. Kitinda mimba wangu anamsalimu shangazi yake na hajaagiza kitu, ujue basi kuna kitu anataka. Msalimie sana mume wako na watoto wote, hasa yule mdogo anayefanana na mjomba wake. Picha yake nimeibandika juu ya meza ya kushonea, ingawa niliitazama kwanza kwa jicho baya. Mungu awatunze huko mliko, na kazi yako iwe nyepesi.

Na ukikaa peke yako ukamkumbuka ndugu yako, unikumbuke na mimi.

Ni mimi nikupendaye hata nikinuna,

Wifi yako.