Sinia la Mama Mkwe Linaninenepesha, Mtoto Simpati

Shangazi Mboni, shikamoo. Naomba unisaidie, maana kichwa kimejaa. Nimeolewa hapa Kivinje mwaka wa nne sasa, nilikuja mwembamba, mama mkwe akaona aibu, akasema watu watadhani kwake hakuliwi, basi tangu harusi ananiletea sinia kila siku, asubuhi bokoboko na samli, mchana wali wa nazi, na kwetu sinia la mkwe halirudi na chakula, kwa hiyo nakula, nimenenepa mpaka wenzangu wananisifu kwamba ndoa imenikubali, ila mimba siioni, na siku zangu zinapotea hata miezi mitatu, tunafurahi, kisha zinakuja. Nesi wa kliniki alinipima akasema uzito umezidi, nipunguze. Nilipoacha samli mama mkwe alilia mbele ya majirani. Ndipo nikasikia redioni kwamba matunda yana viondoa sumu vinavyolinda mayai ya uzazi, basi nakamua mabibo, haya matunda ya mkorosho, natia sukari maana yanakaba koo, nakunywa jagi asubuhi na jagi jioni, na bado. Sasa mume wangu Mudathiri ameambiwa na mama yake akapose mke wa pili kule Kilwa Masoko, naye nilipomuuliza kanijibu atangoja mfungo ujao wa Ramadhani uishe. Nampenda, Shangazi, na mtoto namtaka. Nifanyeje?

Naima, Kilwa Kivinje

Marahaba, Naima. Pole, mwanangu. Kufurahi kisha ukaona damu kunauma, na hapo sina la kukugombeza. Kwenye majagi ninalo. Nesi kakwambia upunguze, wewe ukaenda kuongeza sukari.

Mafuta yakizidi mwilini huvuruga homoni, yai likashindwa kupevuka kwa wakati wake, na siku zikapotea. Si hasidi wala jini. Wanawake wengi wakipungua kiasi tu, siku hurudi, kwa hiyo huna haja ya kukonda kama ulivyokuja. Matunda ni mema, na hivyo viondoa sumu vimo kweli, lakini si dawa ya kushika mimba, wala havifuti sukari ya majagi mawili. Bibo litafune lenyewe, papai vilevile, na jioni utembee.

Na mama mkwe usigombane naye. Nenda naye kliniki, nesi amweleze yeye mwenyewe kwamba samli inaweza kuwa ndiyo inayomchelewesha mjukuu. Kisha mwombe akupikie samaki wa kuchoma na mchicha, wali kidogo. Sinia lije, lirudi tupu, na heshima yake ibaki. Siku hiyohiyo mwombe daktari akupime homoni na sukari, maana miaka minne ni mingi na huenda kuna jambo jingine.

Tena kuna mtu barua yako haisemi kama amepimwa. Mwambie Mudathiri kwa upole, lakini mwambie: kabla ya kupeleka posa Masoko, apeleke mbegu zake maabara. Kama kasoro iko kwake, aoe hata wanne, nyumba itajaa wake tu.