Mshale Umeniona Mnazi Mmoja

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imegoma, na mimi nimechangamka hata kukaa siwezi. Mwanangu Nuru kalala. Acha niandike kabla moyo haujatulia.

Leo mshale umenifuata!

Nianze vizuri. Dukani kwa Bi Hansa, Mchafukoge, tunauza redio za mkononi, zile wanazobeba walinzi. Baba yake alitengeneza redio chumba hikihiki enzi nchi ina stesheni moja. Siku hizi kila kampuni ya ulinzi ina redio zake, na huko hewani ni kupigana vikumbo tu. Sasa kampuni moja, mteja wetu mkubwa, imepoteza redio hapo Kariakoo. Kitufe cha kuongelea kimenasa, inakoroma kutwa kwenye njia yao, walinzi hawasikilizani. Wanataka itafutwe.

Bi Hansa akaleta vipokeo vinne vya mawimbi ya redio, vidogo kama flashi, akavichomeka vyote kwenye kompyuta moja. Antena nne ziko juu ya paa. Kompyuta inaangalia wimbi limefika wapi kwanza, halafu mshale kwenye kioo unaonyesha linatoka upande gani. Sharti vyote visikilize kwa pamoja. Mwanzoni kila kimoja kilikuwa na saa yake, kama misikiti ya huku kwetu, huyu yuko katikati ya adhana, yule ndiyo kwanza anakohoa. Bi Hansa akavipa vyote saa moja.

Kazi yangu ilikuwa waya za antena. Mimi ni darasa la saba na cherehani, kulehemu nimejifunzia hapohapo dukani. Bi Hansa alisema mshale ukikaa sawa, meza ya pembeni ni yangu na atanifundisha. Usipokaa, kazi yote anamkabidhi fundi wa nje, mimi narudi kufagia na kuuza chaja.

Wiki nzima mshale ulidanganya. Nimesimama Mnazi Mmoja na redio ya majaribio, wenyewe unaonyesha Gerezani. Shaibu, fundi mwenzetu, hakuniacha: "Mama Nuru, mshale wako umekunywa nini?" Nikacheka. Nikaenda chooni nikalia.

Asubuhi hii nikaenda kuchota maji. Bomba la uani lina koki mbili. Jirani yangu Mama Sele kachomeka mpira mfupi, mimi mrefu, tukafungulia pamoja. Maji yake yameshafika kwenye ndoo, yangu bado yako njiani.

Nikaganda palepale.

Zile waya nilizikata mimi. Fupi kwa antena ya karibu, ndefu kwa ya mbali, kila moja kwa kipimo chake, kama ninavyopima mkono wa gauni, zisining'inie ovyo. Na nilivyokuwa najivunia! Kumbe kwenye waya ndefu wimbi nalichelewesha mwenyewe.

Nilimwambia Bi Hansa ukweli. Akaziangalia zile waya. "Mama Nuru, hata mimi niliziona. Nikasema, zimependeza." Tukakata upya, zote nne urefu mmoja, za karibu tukaviringisha kilichozidi.

Mchana nikambeba Nuru mgongoni, redio mkononi nimeibonyeza, simu sikioni, mpaka Mnazi Mmoja.

"Uko Mnazi Mmoja," Bi Hansa akasema. Nikatembea. "Unashuka kama unaenda Gerezani." Jamani! Sikuwa nimemwambia kitu. Nikasimama, nikakaa kwenye ukuta.

"Mbona mshale umetulia? Umechoka?"

"Nanyonyesha, Bi Hansa." Kitufe nimekibana kwa goti.

Nikamsikia Shaibu nyuma yake: "Haya, mshale umeacha pombe!"

Nilicheka mpaka Nuru akaachia ziwa, akanishangaa.

Naogopa kidogo, nikiri. Kompyuta ina maneno mengi ya Kizungu na mimi nasoma polepole. Lakini kosa lile nililiona mimi, na bomba letu. Hilo hakuna wa kuniondolea.

Jioni Bi Hansa alikuwa anashusha maboksi kutoka kwenye meza ya pembeni. Alipomaliza akachukua mto wa kiti chake, akauweka chini ya meza, mahali pa Nuru kulala.

Jumatatu tunaitafuta ile inayokoroma. Usingizi wa mpaka Jumatatu nitautoa wapi mie?