Chupa Moja ya Maji ya Ziwa

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mvua tangu asubuhi. Baada ya ibada, Bwana Mugambi, kiongozi wetu wa vijana, ametangaza safari. Jumamosi ya tarehe 22 tutapanda milima ya Drakensberg mpaka kwenye ziwa dogo lililoko juu kabisa. Kilomita saba kwenda, saba kurudi. Wengine waliguna. Mimi nilisikia neno moja tu – ziwa.

Tarehe 29 Baba anatimiza mwaka tangu afariki. Katika ukoo wake, kisiwani Idjwi katikati ya ziwa kubwa, mjane huvaa nguo nyeusi mwaka mzima. Siku ya kuzivua, wakwe humwosha uso na mikono kwa maji ya ziwa. Si ya bomba. Si ya bahari pia – Bibi, mama yake Baba, alisisitiza kwenye simu kwamba maji ya chumvi hayafai. Mama akamjibu kwa upole kwamba Durban haina ziwa, basi atasubiri.

Sasa ziwa lipo!

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Shangazi Mireille, dada yake Baba. Nilimkuta saluni kwake, Umbilo Road, anasuka. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akanikumbatia na mafuta yote mikononi. Amesema Mama asijue kwanza. "Mama yako amekauka. Iko lazima mutu amutoe mule ndani." Mteja, mama wa Kizulu asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alitikisa kichwa kukubali. Kidogo tucheke.

Jioni Mama alipika sombe, kisamvu cha kwetu. Aliweka sahani nne mezani. Sisi ni watatu – Mama, mimi na mdogo wangu Josias. Akairudisha moja kabatini.

Jumapili, 16 Novemba

Bwana Mugambi ametusomea hali ya njia. Nainakili hapa. Baba ndiye aliyenizoesha kunakili mambo ya maana – alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja huku na kulinda magari ya watu.

Asubuhi ukungu. Mchana radi, karibu kila siku mwezi huu. Nyasi ndefu na zimelowa, tuangalie nyoka. Chini joto, juu baridi kali. Vijito viwili vya kuvuka, cha pili kimejaa. Saa tano asubuhi tunageuka, popote tulipo. Alirudia: popote.

Nilimwuliza kama saa tano inatosha kufika ziwani. Amesema kwa miguu mizuri, ndiyo. Halafu akasema nisije nikamlilia huko juu, maana radi haijali nani anaimba kwaya. Wote walinicheka. Na mimi nilicheka.

Alhamisi, 20 Novemba

Buti za Baba. Mama mwenyewe alizitoa chini ya kitanda. Kubwa – nitavaa soksi mbili. Hakuuliza naenda mlimani kutafuta nini. Alizifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena.

Nimeosha chupa ya lita moja kwa maji ya moto. Mara tatu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimechoka, lakini lazima niandike leo.

Tulianza kupanda saa moja. Ukungu mzito, nilimwona mtu wa mbele yangu tu. Nyasi zilitulowesha mpaka mapajani. Njia imekuwa matope, kila hatua buti za Baba zinavutwa chini. Mwisho wa mstari alikuwa Joyline, mwanafunzi wa chuo anayekaa Westville. Alisema buti zangu zinatangulia kufika, mimi nafuata. Kijito cha kwanza – magotini tu. Ukungu ukafunguka. Maua madogo ya njano kila mahali. Nilianza kuimba kimoyomoyo.

Kijito cha pili kilikuwa mto. Bwana Mugambi alizamisha fimbo yake, ikaingia karibu yote. Saa tano kasoro dakika kumi. Juu yetu tuliona ukingo wa mwamba ambapo maji yanamwagika kutoka ziwani. Kilomita moja, labda pungufu. Na nyuma ya mwamba wingu jeusi.

Akasema tunageuka.

Nilimwambia kila kitu. Mbele ya wote. Baba, nguo nyeusi, tarehe 29. Alivua kofia akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole sana, Laetitia. Nimeleta watoto kumi na wanne. Nitarudisha kumi na wanne." Baadaye akanionyesha maji kwa fimbo. Yalikuwa ziwani asubuhi hii hii, alisema. Hayana njia nyingine. Chota.

Nikachota. Baridi mpaka vidole vikauma. Rangi ya chai. Joyline alikuja na kidonge cha kusafishia maji, nikaziba chupa kwa mkono. Nikasema haya si ya kunywa. Hakutania tena. Alinibebea begi langu mpaka chini.

Saa sita na nusu radi ilianza, na mvua ya mawe. Tulikuwa tayari kwenye miti. Bwana Mugambi alikuwa sahihi. Ndipo nikalia vizuri.

Jumapili, 23 Novemba

Matope yametuama chini ya chupa. Juu, maji meupe kabisa.

Shangazi aliuliza. Nikasema ni maji ya ziwa. Sikusema zaidi. Ni uongo? Baba angeweka alama ya kuuliza pembeni, kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa, 28 Novemba

Nilipita mlangoni kwa Mama akiongea na Bibi kwa simu. Alikuwa anamwambia atavaa nyeusi mpaka Mungu amfikishe Idjwi mwenyewe. Sauti yake nyepesi. Karibu ya furaha. Bibi akasema kitu kirefu. Mama akasema, "Nikivua hii nguo, Mama, Barthélemy atakuwa amekufa kweli."

Kumbe hakuwa anasubiri ziwa. Alikuwa anashukuru kwamba halipo.

Na mimi nimelileta ndani ya nyumba. Limo kabatini kwangu, nyuma ya vitabu.

Jumamosi, 29 Novemba

Shangazi amefika mapema na kitenge kipya, kijani na njano. Beseni jeupe. Hakunisubiri – ameichukua chupa mwenyewe, ameiweka mezani mbele ya Mama, amesema, "Wifi, ziwa ndilo hili. Mtoto wako ndiye aliyelifuata."

Mama ameitazama muda mrefu. Hakulia. Amenigeukia.

"Laetitia. Baba yako alikufundisha kusema kweli. Ulifika ziwani kabisa?"

Nimesema nakuja. Nimekimbilia huku chumbani.

Nikisema hapana, atabaki na nyeusi yake, na atafurahi. Furaha hiyo ndiyo inayoniogopesha. Nikisema ndiyo, atavua kwa sababu nimemdanganya. Buti za Baba ziko hapa karibu na mlango, matope yamekauka juu yake. Sijayatoa.

Nimefungua daftari hili kwenye tarehe 22. Fimbo, wingu, vidole – yote nimeandika. Nitampa asome mwenyewe. Baada ya hapo aamue yeye.

Nasikia miguu yake kwenye korido. Anagonga. Yuko peke yake. Nadhani ana chupa mkononi, nasikia maji yakicheza ndani.

Haulizi tena kama nilifika. Anauliza kama kule juu kulikuwa na baridi. Naenda kumfungulia, na daftari hili mkononi.